Picha Iliyolazwa Kifudifudi

Watu wakisikia uchumba umevunjika, swali lao la kwanza ni moja: huyo mtu wa tatu ni nani? Hapa hakuwapo mtu wa tatu. Kulikuwa na sekunde kumi na moja za filamu, na sekunde hizo alizitunga bibi harusi mtarajiwa mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na furaha zake, baada ya kunywa chai aliyochemshiwa na mchumba wake.

Leo alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana ya mchumba huyo, mwavuli unachuruzika, viatu vimelowa chapachapa, na maneno yote aliyoyapanga njiani yamemkimbia. Ungecheka kama isingekuwa inauma, maana maneno ndiyo kazi yake. Ndiye aliyeiandika ile filamu ya meya mla rushwa, kurasa mia na kumi, meya anasema, madiwani wanasema, hata mlinzi wa getini ana sentensi zake mbili za maana. Lakini mbele ya mwanamume mmoja aliyeinamia ubao, hata hodi hakuipiga.

"Ingia. Mvua inapiga mbao," alisema yule mwanamume bila kugeuka.

Aliingia. Harufu ya gundi na vumbi la mbao ilimpokea kama siku zote, na hiyo ndiyo iliyomfanya atake kulia kabla hata hajakaa.

Kazini walimwita mwanamume huyo Milimita. Alikuwa seremala wa filamu, mtu wa kujenga vyumba visivyo na dari na milango isiyokwenda popote, na hakuna aliyewahi kumwona akikata ubao kabla ya kuupima mara tatu. Miaka miwili nyuma, mwandishi alikuwa ameandika kwenye karatasi ya vifaa, "Ofisi ya meya, kubwa." Milimita akamfuata mpaka mezani kwake, penseli sikioni.

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa ya kumtisha anayeingia."

"Hiyo ni mita ngapi?"

Mwandishi alicheka mpaka akashika ubavu. Milimita hakucheka, alisubiri jibu. Basi siku hiyohiyo moyo wa mwandishi ukaenda, ukamwacha amekaa na kalamu yake.

Milimita alikuwa na tabia moja ambayo leo imegeuka kuwa kisu. Alikuwa hasomi hadithi. Ukimpa mswada, atafungua ukurasa wa mwisho wenye orodha ya vifaa na vipimo, atauchana, atautia mfukoni, na kurasa nyingine atakurudishia. "Nikijua hadithi nitaanza kupendelea," alisema. "Nitamtengenezea mtu mbaya kiti kibovu." Mwandishi naye alikuwa na yake. Alipochukua jambo kutoka kwenye maisha ya watu, alibadilisha jina, kazi, unene, rangi ya gari, kila kitu, halafu akaacha kitu kimoja tu cha kweli, kilivyo, bila kukigusa. Alisema mwigizaji anahitaji kitu kimoja cha kweli cha kushika, la sivyo ataelea.

Hizo tabia mbili zilikutana jana mchana kwenye onyesho la majaribio, mbele ya watu sitini, ndugu na jamaa wa wafanyakazi.

"Mzee yuko wapi?" mwandishi aliuliza.

"Nyumbani."

"Amesema nini?"

Milimita alipitisha randa juu ya ubao. Ukanda mwembamba wa mbao ulijikunja, ukaanguka. "Amekaa kwenye kiti. Na ile suti."

Suti hiyo Mzee, baba yake Milimita, alikuwa ameishonesha kwa ajili ya harusi, na jana aliivaa kwa mara ya kwanza ili aizoee, alivyosema mwenyewe akijichekea. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye ofisi ya vibali vya ujenzi ya jiji na kustaafu akiwa na baiskeli. Kwenye filamu hakuna ofisi ya vibali wala baiskeli. Kuna meya mnene mwenye gari jeupe, anayeuza uwanja wa shule. Mzee alikaa safu ya pili na kuicheka sauti ya yule meya kama wengine. Kisha meya akaletewa bahasha. Kabla ya kuipokea, akanyoosha mkono, akaichukua picha ya marehemu mkewe iliyosimama mezani, akailaza kifudifudi, taratibu. Akapokea bahasha. Mgeni akatoka. Akaisimamisha ile picha, akafuta kioo kwa ukingo wa shati.

Sekunde kumi na moja. Mzee alisimama, akatafuta njia gizani kwa mikono, akatoka. Na Milimita, aliyekaa kando ya mwandishi, aliuachia mkono wake.

"Nilikuja jana usiku, hukufungua," alisema mwandishi.

"Nilisikia."

"Nigombeze basi. Unavyonyamaza hivi unaniua."

Aliiweka randa chini. Akamgeukia sasa, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Mwandishi aliyapenda macho hayo kuliko kitu chochote duniani, na hakuwahi kuyaona yakimtazama kama yanamtazama mpangaji anayehama.

"Nilikuwa na miaka tisa mama alipofariki," alisema Milimita. "Nikitoka shule nilikwenda ofisini kwa baba, nikakaa kwenye kimeza cha pembeni kufanya hesabu zangu. Wakija wageni fulani, baba aliilaza picha ya mama. Wakiondoka aliiinua. Nilikuambia nilidhani ni kwa nini?"

"Uliniambia."

"Sema."

"Usinifanyie hivi."

"Sema wewe. Mimi sina maneno, wewe unayo."

"Ulisema alimpenda mno. Kwamba hakutaka watu wa nje wamwone akimwangalia mkewe."

"Miaka ishirini na mitano nimekaa na hiyo. Nilikuwa nikijisemea, nikioa, nataka kumpenda mke wangu hivyo." Alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. "Siku nilipokusimulia, wewe ulielewa nini?"

Mvua iliendelea kupiga bati. Hapa ndipo mwanamke angeweza kudanganya, na wengi wetu tungedanganya. Lakini alimpenda.

"Nilielewa palepale," alisema.

"Palepale."

"Ndiyo."

"Nikakumiminia chai, tukanywa, ukanibusu hapa," aligusa paji la uso, "ukaenda kuandika."

"Nilitaka kukuambia. Kila siku nilitaka. Nikasema, kwa nini nimvunjie kitu ambacho ndicho kinachomsimamisha?"

"Mbele ya watu sitini ukakivunja."

"Sikujua kwamba ungekiona vile. Nilibadilisha kila kitu. Meya, gari, unene..."

"Halafu ukaniambia nikutengenezee fremu." Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Nikakuuliza, ya namna gani? Ukasema, yoyote unayoijua. Mimi naijua moja tu. Nimeipima kichwani, pembe zake za mviringo, mguu wake wa shaba, nikaitengeneza nikiimba. Baba ameijua fremu kabla ya kumjua meya. Akili yake imemwambia mimi na wewe tulikaa chini tukapanga. Aliniuliza jambo moja tu jana: mwanangu, ni lini ulijua?"

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba ndiyo kwanza nimejua, mle gizani, kwa kuiona filamu. Hakuniamini."

Fremu yenyewe ilikuwa pale, juu ya rafu, kati ya kopo la msasa na kopo la misumari. Vifaa vyote vilikuwa vimerudishwa karakana upigaji picha ulipokwisha. Ndani yake ilikuwamo picha ya mwandishi mwenyewe. Siku ile ya kupiga picha hapakuwa na sura ya kumtia marehemu mke wa meya, saa zinakwenda, naye akatoa picha yake kutoka kwenye pochi akaichomeka. Wote walicheka kwamba amejiua kabla hata ya kuolewa.

Mlango ulisukumwa. Aliingia Shangazi, dada yake Mzee, akiukung'uta mwavuli wake kana kwamba umemkosea. Nyuma yake nje honi ililia mara mbili.

"Kuna mtu na gari lake, anataka mlango wake," alimwambia Milimita. "Amesema uliahidi leo. Nenda, mwanangu, mimi nitakaa na mwenzio."

Milimita aliwatazama wote wawili. Kisha akaukumbatia mlango mpya uliokuwa umeegemezwa ukutani, akatoka nao kwenye mvua, maana ahadi kwa mteja ni ahadi.

Shangazi alipangusa stuli kwa kitambaa, akakaa. Toka mwanzo hakuwahi kumpenda mwandishi, wala hakuwahi kuficha. "Mtu anayewaandika wenzake," ndivyo alivyomwita, kwa sauti ya mtu anayesema mwizi wa kuku.

"Sikuja kugombana," alianza. "Nimegombana maisha yangu yote, nimepata nini? Nimekuja kwa ajili ya kaka yangu. Hajala. Nimemvua viatu kwa mikono yangu kama mtoto. Anasema harusini hatakwenda, hawezi kukaa mbele ya watu waliomwona yuko uchi."

"Shangazi, hakuna aliyejua kwamba ni yeye."

"Alijua yeye. Akajua mwanawe. Ulitaka nani zaidi?" Akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza mwandishi aliona kwamba mama huyu naye alikuwa amelia. "Wewe hukuwapo mke wake alipokuwa mgonjwa. Hujui dawa zile zilitoka wapi. Alipofariki, bahasha zikawa zimeshazoea mlango. Simtetei. Nakueleza."

Mwandishi alikuwa akitazama saa ya ukutani. Saa kumi na nusu imepita.

"Nasikia mpaka jioni hii mnaweza kutoa kipande," alisema Shangazi.

"Mpaka saa kumi na moja. Baada ya hapo filamu inafungwa, inapelekwa."

"Basi kitoe. Kitu cha kufumba na kufumbua, nani atauliza? Ukikitoa, mimi nitakwenda kumwambia kaka yangu kwamba umekitoa, umeomba radhi, yameisha. Namjua. Atavaa viatu. Wiki tatu zijazo atakaa mbele, na mimi nitakaa kando yake, na tutawaoza. Hakuna atakayelitaja tena. Usipokitoa, binti, nyumba ile huingii, na huyu kijana hatamwacha baba yake peke yake. Unamjua kuliko mimi."

Alimjua. Nje alisikika akimwambia mtu wa gari ashike upande wa bawaba, asishike upande wa kitasa. Sauti ile. Mwandishi alifikiri juu ya asubuhi zote ambazo angeamka asiisikie. Kwa nini ajali filamu? Ni nuru tu kwenye kitambaa. Watu watakula bisi, watarudi nyumbani, meya atasahaulika. Yeye anamtaka mwanamume mmoja.

Alitoa simu. Mhariri wa filamu aliipokea haraka, alikuwa mezani.

"Ile picha ya mezani," alisema mwandishi. "Itoe."

Mhariri alisimamisha mashine. "Huo ndio moyo wa filamu. Watu hawatamwelewa meya."

"Iruke. Apokee bahasha, basi."

"Atakuwa mwizi tu, kama wezi wa kila filamu."

"Mwongozaji ameniachia mimi mpaka saa kumi na moja. Nakuomba."

"Haya," alisema Mhariri. "Mwenye mji ni wewe."

Shangazi alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, mzito, mkono wa mama mkwe. "Sasa umekuwa wetu," alisema.

Milimita aliporudi, maji yalikuwa yakimtiririka shingoni. Aliona mikono ile iliyoshikana. Shangazi aliinuka, uso umemchanua.

"Mambo yamekwisha, mwanangu, harusi ipo. Mwenzio ameitoa ile picha. Nakwenda kumwambia baba yako ale."

Milimita alimtazama mchumba wake.

"Umeitoa?"

"Nimeitoa. Kwa ajili yako. Kwa ajili ya Mzee."

"Mimi nilikuambia uitoe?"

"Hukuniambia, lakini..."

"Nilikuwa pale nje. Hatua kumi na mbili. Uliniita?"

Mwandishi aliitazama simu iliyokuwa bado mkononi.

"Jana ulinionyesha bila kuniuliza," alisema Milimita taratibu, kama anayesoma vipimo. "Leo umeficha bila kuniuliza."

"Nilidhani ndicho ulichotaka. Baba yako anateseka."

"Anateseka, ndiyo. Usiku kucha amekaa kwenye kile kiti, na alfajiri akaniita. Akaanza kunisimulia. Mgeni wa kwanza alikuwa nani, alitaka ghorofa ngapi, mama alikuwa amelazwa wodi gani. Maisha yangu yote baba hajawahi kuniambia kitu kirefu hivyo. Alikuwa analia na anasema, na mimi nimekaa sakafuni. Hajamaliza. Nilikuja kazini kwa sababu ya mlango wa watu, nirudi jioni amalizie." Akamgeukia Shangazi. "Sasa utakwenda kumwambia yameisha. Atavaa viatu. Atanyamaza mpaka afe."

Shangazi alishika kilemba chake.

"Na wewe," alimrudia mwandishi. "Shangazi amekuja na harusi mkononi. Umeipokea, na jambo likapotea. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakipotea pale ofisini, sivyo? Wewe ndiye uliyeniandikia. Mimi nisingejua."

Mwandishi alishika simu, akabonyeza. Mhariri alichelewa kupokea.

"Irudishe," alisema. "Ile picha. Irudishe, tafadhali."

"Dada, saa kumi na moja na dakika tano. Nimefunga. Mjumbe ameondoka nayo."

Aliishusha simu. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja kasoro dakika mbili; ilikuwa nyuma kwa dakika saba. Katika karakana ya mtu apimaye kila kitu mara tatu, hakuna aliyekuwa amewahi kuipima saa.

"Nisamehe," alisema.

"Ningekusamehe ya jana," alisema Milimita. "Naapa, nilipokuwa naupakia ule mlango nilikuwa nimeshaanza. Nilikuwa najisemea, ni mwandishi, alipenda kitu, akakichukua, watoto hufanya hivyo. Nilitaka nikuchukue jioni hii, tuende pamoja, ukae na mimi sakafuni, umsikilize." Alivuta pumzi. "Lakini nitaishije na mtu ambaye kila nikigeuka, ameshaamua nione nini na nisione nini?"

"Unanipenda?"

"Hilo ndilo linaloniudhi."

Alimkaribia. Walisimama karibu kiasi kwamba maji ya nywele zake yalimdondokea mwandishi kwenye mkono. Kwa kitambo hicho kidogo mwandishi alidhani atakumbatiwa, na kwa kweli mikono ya mwanamume ilinyanyuka nusu. Kisha ikachukua mwavuli uliokuwa umeegemea meza, ikaufungua, ikampa.

"Mvua bado," alisema. "Pita upande wa maduka, huku kumejaa maji."

Shangazi alitoka naye. Mtu aliyekuja kumnunua kwa harusi sasa alimshika kiwiko asiteleze. Walipofika kwenye kona, Shangazi alisimama.

"Nimwambie nini kaka yangu?" aliuliza. Safari hii aliuliza kweli.

"Mwambie mwanawe anakuja kumsikiliza," alisema mwandishi. "Mengine usiseme."

Shangazi akaenda zake. Mwandishi akageuka nyuma, kama ambavyo angegeuka mwanamke yeyote, kwamba labda, kwamba huenda. Dirisha la karakana lilikuwa wazi, na taa imewashwa kwa sababu ya giza la mvua.

Milimita alikuwa amesimama mbele ya rafu. Ameishika ile fremu. Aliifuta vumbi kwa ukingo wa aproni, kwanza kioo, kisha pembe zake za mviringo, akaiangalia sura iliyomo kwa muda mrefu. Halafu akaiweka juu ya meza ya kazi, akaukunja ule mguu wa shaba, na kwa mkono mmoja, taratibu, akamlaza kifudifudi. Akachukua penseli sikioni, akavuta ubao mwingine, akaanza kupima.